Rangi inabanduka chini ya ukuta na nyumba nataka kuuza, nianze na nini?

SWALI: Habari fundi. Nina nyumba ya vyumba vitatu Tabata, ilijengwa 2009, nataka kuiuza mwaka huu huu. Kwa nje sio mbaya ila chini ya ukuta, usawa wa goti hivi, rangi imevimba inabanduka na kuna chumvi nyeupe. Fundi wangu anasema tupige skimming (ule unga wa kulainisha ukuta) halafu rangi ya mafuta ya kijivu chini kuzunguka nyumba nzima, dalali nae anataka niweke tiles za mawe pale mbele. Hela sio nyingi. Nianze na nini?

JIBU: Salama dada. Kabla hujanunua hata ndoo moja ya rangi, tafuta koleo kwanza. Hiyo chumvi ni maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki pale nyuma ya rangi, inaganda inaisukuma mpaka inavimba. Sasa ukipaka rangi ya mafuta juu yake umeyaziba maji yasitoke, yatafanya nini? Yatapanda zaidi, leo yako kwenye goti mwakani yako chini ya dirisha. Yani hiyo rangi ya kijivu ndo ugonjwa wenyewe kwenye nyumba nyingi tu hapa Dar.

Fanya test ndogo. Kwangua rangi sehemu moja, bandika kipande cha nailoni ziba pembeni zote na solotepu pana, acha siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa nje ni unyevu wa hewa tu.

Halafu zunguka nyumba uangalie udongo. Nyumba ya 2009 uwanja umeshajazwa kifusi mara ngapi, mara watu wameweka paving, mara bustani, mwisho udongo umepita juu ya DPC, yani ule utando unaowekwa juu ya msingi kuzuia maji yasipande ukutani, na msingi wote umefukiwa. Chimba ushushe mpaka udongo uwe angalau sentimita 15 chini ya DPC, kisha piga apron, yani kisakafu cha zege cha kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 mpaka 90 yenye mteremko wa kutoka ukutani, sentimita 2 na nusu kwa kila mita inatosha. Angalia na gata. Kama hamna, maji ya bati yanadondoka palepale ukutani na kurusha matope, gata iweke kabla ya rangi, tena inabadilisha sura ya nyumba kuliko watu wanavyofikiria, hasa ukipaka na fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa).

Ukuta wenyewe: kwangua rangi yote ya mafuta, chumvi itoe kwa brashi ngumu ikiwa kavu, usioshe na maji mana inayeyuka inarudi ndani. Gonga plasta, inayolia kama debe bandua mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, piga upya kwa mchanga wa mto sio wa baharini, simenti moja mchanga nne, imwagilie wiki nzima. Baada ya hapo iache ikauke kama mwezi hivi, ndo upige primer ya kuzuia alkali (rangi ya kwanza, inazuia ukali wa simenti usiharibu rangi ya juu) na rangi ya maji ya nje mikono miwili. Ndoo ya lita 20 inakula kama mita za mraba 100 kwa mikono miwili, ukuta ukiwa laini. Na skimming muulize atatumia nini, kuna mafundi wanapiga jipsam ya ndani huko nje kwa sababu ni rahisi na inang'aa, mvua mbili tatu imekuwa uji. Nje ni ile ya simenti nyeupe.

Tiles za dalali achana nazo, sio yeye anaetoa hela, na zikibandikwa kwenye ukuta wenye unyevu zitadondoka. Hiyo hela paka geti na grili, kutu ikwanguliwe kwanza, kata miti iliyolalia bati.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, masika yakiwa yamepita. Ukishusha udongo na bado nailoni inatoa matone baada ya miezi, hapo DPC haikuwekwa au imekufa, mwambie mnunuzi wazi mpunguziane bei, mana akija na fundi wake ataona tu. Na mteja akitokea kabla plasta haijakauka, muonyeshe hivyo hivyo ikiwa haina rangi, mwambie umebandua nini na kwa nini.