Rangi kupauka kwenye picha za Goma

Dada, umeuliza kwa nini vitenge vya sokoni vinatoka vimepauka kwenye picha za simu yako, na kama ununue kamera. Usinunue kwanza. Shida ni mawe yetu meusi ya lava, yaliyotoka kwenye volkano. Simu ikiona weusi mwingi wa lava hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na rangi ya kitenge inapotea. Gusa kitenge chenyewe kwenye skrini, halafu teremsha alama ya jua mpaka jiwe lionekane jeusi kweli. Hapo wekundu unarudi.

Saa nayo ina uzito. Tuko karibu na ikweta, jua linapanda haraka na kusimama juu ya kichwa. Toka kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, ao ungoje saa kumi na moja jioni. Jioni ndipo mitumbwi ya kuvua sambaza, wale samaki wadogo, inaingia ziwani Kivu na fito zake ndefu. Mimi naipenda kuliko hata volkano yetu, Nyiragongo.

Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mwombe ruhusa, kisha umuonyeshe picha yake. Mpakani, uwanja wa ndege na penye askari, simu ibaki mfukoni.