Oili imepanda kwenye stiki? USIPUNGUZE, na usisafiri nayo

Mkuu acha kwanza. Usiende kwa huyo fundi kesho, mwambie mtoto anaumwa, mwambie chochote.

Yaani Mazda CX-5 ya dizeli, foleni ya Mbezi mpaka Posta kila siku, sevisi umefanya juzi juzi oili ikiwa kwenye F ya stiki (alama ya kujaa), leo imepita F imefika kwenye X, halafu fundi anakwambia "aliyekufanyia sevisi alizidisha, tunapunguza lita moja, Jumamosi unaenda zako Tanga kwenye harusi". Na wewe umeshakubali, unatuuliza tu uongezee oili gani, DPF (ile filta ya masizi kwenye eksozi) uitoe au uiache, na nozeli za kupuliza dizeli zinauzwaje. Hayo ya nozeli tuyaache kwanza.

Oili haizaliani. Injini isiyo na tatizo inakula oili kidogo au inabaki palepale, haijawahi kuongeza. Ukiona imepanda na hakuna aliyeongeza, jua kuna kitu kimeingia, na ni ama maji ya rejeta ama dizeli. Na hiyo X iliyo juu ya F hawakuichora kwa urembo, kitabu cha gari kinasema ikifika hapo oili ibadilishwe. Ibadilishwe, sio ipunguzwe.

Hapo kwenye kupunguza ndipo nilipoliwa mimi kwa hiyo nitapaelezea mpaka uchoke. Tufanye sampo yako, lile bakuli la oili chini ya injini, sasa hivi ina lita tano na nusu, na humo nusu lita ni dizeli. Fundi akifungua nati akatoa nusu lita unadhani katoa dizeli? Haijajitenga ikakaa chini ikisubiri nati ifunguliwe, imeshachanganyika yote. Anatoa mchanganyiko anakuachia mchanganyiko, zile lita tano zilizobaki bado asilimia 9 ni dizeli kama mwanzo. Kilichobadilika ni stiki tu, sasa inasoma vizuri na wewe roho imetulia, na hapo ndipo ubaya ulipo maana hutaichungulia tena.

Yangu ilikuwa pikapu ya dizeli, nozeli moja ilikuwa inavuja, sikujua. Fundi wangu, mtu na skana yake ya kusomea kompyuta ya gari shingoni, hakuichomeka hata kwa bahati mbaya, kashika stiki kanusa kasema hii wamezidisha. Katoa. Baada ya muda imepanda tena, katoa tena, safari hii akasema oili yenyewe nyepesi ndio maana inasumbua, akaongezea 20W-50 juu ya ile 5W-30 iliyokuwemo "ili iwe nzito kidogo". Nikamlipa na ya soda juu. Msinicheke, mimi nimesomea uhasibu, mtu akiniambia debiti na krediti nitambishia, akiniambia oili nzito nasema sawa mkuu.

Basi nikapakia familia tukaenda Morogoro. Mpaka Chalinze gari inaita tu. Baada ya hapo kila nikipunguza mwendo kwenye matuta taa nyekundu ya oili inapepesa, nikikanyaga mafuta inazima. Nikasimama pembeni nikapiga simu. Unajua kaniambia nini? "Hiyo sensa tu bosi, tembea, ukirudi tutaibadilisha." Nikatembea! Oili imeshakuwa nyepesi kama maji, ikipata moto presha inashuka injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, ukikanyaga pampu inazunguka haraka presha inapanda kidogo taa inazima, kumbe gari inanieleza kila kitu na mimi namsikiliza mtu aliyekaa Dar anakula chipsi. Kabla ya Mikese nikaanza kusikia ko ko ko chini, wife anasema ni jeki imelegea kwenye bodi. Haikuwa jeki.

Tulipofungua beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) ilikuwa imejizungusha na kutafuna krenki (shafti kuu ya injini), na kwenye sampo ile oili ukiipitisha kwenye mwanga inameta chembe za chuma mpaka unaweza kuuza kama rangi ya kucha. Brekidauni, injini ya mtumba, kupandisha, hela iliyokuwa ya kiwanja cha Chanika imekwenda yote. Na fundi kasema nini? "Hizi injini za siku hizi karatasi." Karatasi! Bado yupo palepale gereji yake inajaa kila siku, na nina hakika kuna mtu leo kapunguziwa lita moja pale.

Sasa wewe fanya hivi leo hii, haihitaji fundi. Chomoa stiki, dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe au karatasi ya kuchujia kahawa, iache masaa kadhaa. Katikati patakuwa peusi kwa masizi, hiyo kawaida ya dizeli, wewe angalia pembeni: ukiona duara pana lililolowa halina rangi limesambaa mbali na ule weusi, hiyo ni dizeli. Halafu chukua kioo kikavu, weka tone la oili yako na pembeni yake tone la oili mpya ya namba ileile, inamisha. Yako ikikimbia ikaiacha mpya mbali umeshapata jibu. Harufu usiitegemee sana, petroli inanuka haraka lakini dizeli ndani ya oili chafu pua inakudanganya. Kama unahofia ni maji, fungua kifuniko cha kujazia uone kama kuna utando wa maziwa, angalia na kibuyu cha maji ya rejeta kama kinapungua, au dondosha tone kwenye bati la moto, lenye maji litapasuka pasuka. Usiwashe kiberiti kujaribu, kuna watu wanafanya hivyo naona video zao. Ukitaka uhakika kabisa peleka sampuli maabara, wenye mitambo ya migodini wanapima hivyo kila siku na huko ikifika asilimia nne tano tu wanaimwaga.

Kwako wewe nahisi ni DPF. Ile filta ikijaa masizi gari inayachoma yenyewe, inapiga dizeli ya ziada ukiwa umeshapita mlipuko ili joto liende eksozi, na sehemu ya hiyo dizeli inashika kuta za silinda inateremka kupita ringi mpaka sampo. Barabara ndefu inamaliza kazi vizuri, wewe kwenye foleni unazima gari kazini haijamaliza, jioni inaanza upya, kila siku unaongeza kijiko. Lakini nahisi tu! Nozeli inayovuja inafanya hivyohivyo, pampu ya presha ya dizeli ikichoka sili inafanya hivyohivyo. Ndio maana fundi lazima achomeke skana aone masizi yalichomwa mara ya mwisho kilomita ngapi nyuma na masahihisho ya nozeli kila silinda, apime na dizeli inayorudi kutoka kwenye nozeli. Asipojua inatoka wapi hata oili mpya itapanda.

Na usikae unawasha washa kusikiliza. Ikizidi sana oili inavutwa kwenye njia ya kupumulia inaingia intaki (njia ya hewa ya injini), injini inaanza kuchoma oili yake yenyewe, unazima swichi haizimi, inapaa tu mpaka ijivunje. Nimewahi kuiona kwenye daladala pale Mbagala, konda alikuwa wa kwanza kuruka.

Kwa hiyo imwagwe YOTE, filta ya oili mpya, oili ile ya kwenye kitabu, chanzo kipatikane, halafu ndio usafiri nayo. Akikwambia tena tunapunguza, chukua funguo zako uondoke.

Jumamosi panda basi.