Fundi akiitwa kuangalia kazi, atoze au aende bure?

SWALI: Mimi ni fundi umeme. Mteja ananiita nikaangalie kazi, natumia nauli yangu na nusu siku, namwandikia orodha ya vifaa na bei, ananiambia "nitakupigia". Baadae nasikia kazi kafanya mwingine tena kwa orodha yangu ileile. Nikisema hela ya makadirio wananijibu hakuna fundi anayetoza kuangalia. Nitoze au niache?

JIBU: Toza ndugu yangu, ila sio kila kitu. Mtu akitaka kubadilishiwa soketi au kuongezewa taa moja bei mpe hata kwa simu, hiyo unaijua hata ukiwa umelala. Hela ya ukaguzi ni ya kazi inayokutaka ufike, ufungue, upime na uandike. Na uitaje kabla hujatoka kwako, sio umeshafika mlangoni ndo unasema, hapo ndo ugomvi unapoanzia. Mwambie pia kazi akikupa wewe ile hela unaikata kwenye bili, wengi wakisikia hivyo wanatulia.

Sasa kinachoniudhi ni hili neno "kuangalia tu". Chukua breka ya kuzuia shoti ya mwili, ile ya miliampia 30, inaanguka ovyo, yaani inajizima yenyewe, leo mara mbili, kesho kimya. Unazima meni, unachomoa kila kilichochomekwa maana mega, kile kipimo cha kujua waya unavujisha umeme au la, inapiga volti 500 na vifaa vya watu vitaungua, unatenganisha saketi unapima moja baada ya nyingine, zote zinasoma vizuri halafu moja inakuja chini ya megaomu 1, yaani hapo umeme unavuja, unaifuata mpaka darini unakuta kiboksi cha maungio kimeingia maji ya paa na waya zimeviringishwa tepu. Kuunganisha upya hapo ni dakika kumi. Kwa hiyo mteja anayetaka kulipia zile dakika kumi tu na kupewa bure huko kote ulikopita, anataka kazi yenyewe bure, maana kulijua tatizo ndo kazi.

Na hawa wanaosema "mimi naangalia bure" mimi nao sina subira. Hamna cha bure hapo, nauli yake na siku yake anazirudisha kwa njia nyingine. Kuna anayetaja bei ya chini apewe kazi, akishatoboa ukuta na umeme umezimwa ndo anaanza kuongeza, na wewe mwenye nyumba utafanyaje, familia iko gizani. Kuna anayekula na muuza duka kwenye vifaa. Halafu kuna wa hatari kuliko wote, anayepunguza unene wa waya.

Nishakuta hii mara nyingi mno: hita ya kuogea ya wati 7,000 kwenye umeme wa volti 230, hiyo inavuta ampia 30 na ushee, imefungwa kwa waya wa milimita 2.5 uliopita ndani ya ukuta. Breka ya ampia 20 ikawa inaanguka kila mtu akioga, fundi wa bure kaja, hakupima chochote, kaitoa kaweka ya 32 kaondoka, na mwenye nyumba akamshukuru maana haianguki tena! Haianguki kwa sababu sasa hamna kinachoulinda ule waya usizidiwe na mzigo, unapata moto humo ukutani kila siku mpaka plastiki yake inakauka na kupasuka. Ukaguzi wa kweli ungemwambia waya ubadilishwe, na ndo maana yule wa ukaguzi anaonekana ghali.

Kwa hiyo wenye nyumba mnaosoma hapa, bei mliyopewa kwa picha ya simu bila mtu kufungua hata kifuniko kimoja, msiifanyie bajeti. Mkilipia ukaguzi daini karatasi: nini kimepimwa, kimesoma ngapi, kibaya ni kipi, vifaa mbali na ufundi mbali. Anayechukua hela akakupa maneno ya mdomo tu naye hana tofauti na wale.

Na wewe fundi, aliyekataa kulipa mpe bei ya jumla ya kukisia na umwambie wazi ni ya kukisia, orodha yenye saizi za waya na idadi ya breka usiitoe. Aliyelipa mpe yote bila kinyongo, hata akienda kufanya na mwingine, ameshailipia ni yake. Andika na mwisho wa hiyo bei ni lini, maana waya ni shaba na shaba haikai bei moja, kuna watu watakuja na karatasi yako baada ya miezi sita wanataka bei ileile.