Ufadhili wa digrii kwa mtoto wa mvuvi: jibu kwa mdau wa Uvinza

Mwakeye mkuu. Umeuliza mambo mawili: mdogo wako aliyemaliza kidato cha sita kwa kombi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), baba mvuvi huko Kalya, aanzie wapi kutafuta ufadhili wa digrii, na kama yule jamaa wa stationeri anayetaka laki moja na nusu ili "amsukumie" maombi anaaminika. Mimi ni wa Ujiji, digrii yangu ya kwanza nimesoma kwa ufadhili, na tangu nimalize nawasaidia wapwa zangu na watoto wa majirani kuomba. Nakujibu kwa niliyoyaona.

La jamaa wa stationeri ni fupi: huyo kishoka, dalali wa uongo. Hakuna anayesukuma chochote. Mlipe hela ya kuskani na kuchapa, basi. Na usikubali afungue akaunti ya maombi kwa baruapepe yake au namba yake ya simu. Binti mmoja mtaani kwetu alifunguliwa hivyo, wito wa usaili ukaingia kwa mwenye duka ukalala hukohuko mpaka tarehe ikapita.

Sasa karatasi. Watu wanadhani ufadhili unapotea kwenye ufaulu. Huku kwetu unapotelea zaidi kwenye majina. Shuleni kaandikwa Yusuph, cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la babu ambalo NECTA, wale wa mitihani, hawajawahi kulisikia. Kaa na vyeti vyote mezani leo, soma herufi kwa herufi. Tofauti ikiwepo, nenda kwa wakili mkaape kiapo mapema, msisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, na kama kuna mzazi aliyefariki, cheti cha kifo nacho vilevile. Kama hana cheti kabisa, anza leo leo. Sisi wa mpakani tunaulizwa maswali ya uraia kuliko mtu wa Dodoma, na maswali hayo yanakula muda. Kaya yenu kama iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, tafuta namba ya mnufaika. Muhuri wa mtendaji wa kijiji usiuache mwishoni, maana kutoka Kigoma mjini kurudi Kalya kwa boti kufuata muhuri mmoja ni adhabu.

Na kuna hili la JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo huja Julai, na katikati hapo vijana wanakuwa kwenye kambi za Bulombora, Mtabila, Kanembwa au wanavushwa mpaka Msange kule Tabora. Huko hana simu ya kushinda nayo mtandaoni, na madirisha ya maombi yanafunguliwa wakati huohuo. Kwa hiyo kabla hajapanda gari akuachie wewe nakala za kila kitu, picha ndogo, namba ya mtihani na nenosiri la baruapepe. Barua za walimu nazo zipatikane sasa. Mwalimu akihamishwa kwenda Nzega utamfuata wapi? Mwalimu wa taaluma mpe karatasi yenye mambo halisi ya mdogo wako, alama zake, klabu aliyoongoza, shida aliyovuka, la sivyo atakuandikia "ni kijana mwenye nidhamu" kama alivyowaandikia wote.

Wapi aombe? Akiwa amefaulu sana, aangalie Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Hiyo ni ya waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba na fani za jinsi hiyo. Kuna Mastercard Foundation, ambayo haiombwi sehemu moja: unaomba kupitia chuo mshirika, mfano Ashesi au KNUST za Ghana, na kila chuo kina tarehe zake. Wizara ya Elimu nayo hutangaza nafasi za serikali rafiki, Moroko, Aljeria, China na nyinginezo. Huko ajiandae kuanza na mwaka wa lugha. Kama kuna kijana wa kambi ya Nyarugusu anasoma hapa, yeye aulizie DAFI, ni ya wakimbizi, UNHCR wanaisimamia. Na mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, aombe hata kama ana matumaini kwingine. Ufadhili ukitoka, awataarifu Bodi, maana mkopo ni wa asiye na mfadhili. Tofauti ya hivi viwili aijue: mkopo utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe.

Kwenye insha ndipo napenda kukaa. Vijana wetu wote wanaandika "natoka familia maskini yenye kipato cha chini". Msomaji wa maombi ameisoma hiyo tangu asubuhi. Mimi niliandika kuhusu mama anavyochukua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuuza kwa mkopo, na kwamba siku za mbalamwezi dagaa hawavuliki kwa taa, kwa hiyo ada yangu ilikuwa inafuata mwezi wa angani, siyo muhula wa shule. Nikaeleza daftari la madeni nililokuwa namtunzia. Kwenye usaili waliniuliza karibu habari za daftari tu: nani halipi, unamdai vipi, umejifunza nini. Mdogo wako ana habari nzito kuliko yangu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi ileile ya kuhangaikia chuo. Nyumba ya mvuvi iliishije? Nani aliuza nini? Yeye alifanya nini? Hayo ayaandike kwa maneno yake, bila kulia lia, halafu aunganishe na anachotaka kusoma. Akisema anataka udaktari, aseme kwa nini Kalya, zahanati iko mbali kiasi gani, mgonjwa anapelekwaje. Asimwachie kishoka amwandikie. Kwenye usaili ataumbuka.

Akishapata, vita nyingine inaanza nyumbani. Huku mtu akisikia "amepata ufadhili" anaelewa "amepata kazi". Bumu, ile hela ya kujikimu, likiingia tu, simu zinaanza: mjomba anataka nyavu, shangazi bati, na baba mwenyewe kwa upole wake anauliza kama kuna chochote. Nyinyi wakubwa ndio mkae na wazee muwaambie kwamba zile ni hela za chakula, chumba na vitabu, na zinakuja kwa awamu. Mtoto asiachiwe kazi hiyo ya kukataa. Nimeona mwenzetu anatuma karibu zote nyumbani, anashindia mkate, mwisho anabeba sapu (mitihani ya kurudia) juu ya sapu na karibu adisko, yaani afukuzwe chuo kwa kufeli. Wafadhili wengi wanakata ufadhili ufaulu ukishuka, kwa hiyo kiwango cha GPA (wastani wa alama) kwenye mkataba akijue kabla hajasaini.

Mkataba huohuo ausome kwa ajili ya haki zake pia. Mara nyingi mna bima, hela ya utafiti, kompyuta, nauli ya mafunzo kwa vitendo, na wengi hawadai kwa sababu hawakusoma. Afisa wa ufadhili chuoni amfahamu kwa sura, amwandikie kabla tatizo halijakua, hasa akiugua au akitaka kubadili kozi; kubadili kozi kimyakimya kumewaponza wengi. Na mafunzo kwa vitendo aje afanyie huku, hospitali ya mkoa ya Maweni au ya wilaya, atajulikana na watu watakaofanya naye kazi.

Sasa niambie: cheti cha kuzaliwa anacho, na kinafanana na cha kidato cha nne? Na kambi amepangiwa ipi?