Shimo Halijaisha Mpaka Ufike Chini: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kupima Udongo

Juzi nilikuwa na vijana watatu wa mafunzo kwa vitendo ukingoni mwa bonde la Lukuledi, upande wa Lindi. Septemba, jua la utosi, vumbi mpaka kwenye kope. Walichimba shimo, wakafika sentimita 70, sururu ikaanza kudunda. Mmoja akapangusa jasho, akafungua fomu, akaandika: "Tifutifu, maji yanapita vizuri." Mwenzake akashika chepe na kuanza kurudishia udongo. Nikapaza sauti hata mbuzi waliokuwa wakilisha jirani wakainua vichwa. Baadaye niliwaomba radhi kwa ile sauti. Kwa nilichosema sikuomba radhi.

Sentensi ile niliwahi kuiandika mimi, kwa mkono wangu, si mbali sana na pale. Mtu aliipa imani na ikamgharimu. Kila mwaka namwona mgeni mmoja au wawili wakiiandika tena kwa haraka ileile, kwa hiyo ngoja niwaambie mambo kadhaa kabla hamjapanda gari.

1. Jua mifano uliyofundishiwa ni ya nchi gani.

Mmefika na madaraja saba ya upitishaji maji kichwani, na mifano mingi ni ya Marekani: Crosby wa Indiana, Conover wa Michigan. Ni udongo mzuri sana wa kujifunzia, na mimi mwenyewe ndio ulionilea. Barafuto kubwa ziliposhuka kutoka kaskazini zilisaga miamba njiani, zikabeba mawe, changarawe, mchanga na mfinyanzi, kisha zikavitupa vyote pamoja bila kuvichambua. Mchanganyiko huo ndio tili. Ile iliyobaki chini ya barafu ilishindiliwa na uzito ule mpaka leo mizizi inapata taabu kuipenya. Tangu barafu iyeyuke, kwa maelfu ya miaka, juu yake umejijenga udongo wa tifutifu unaozaa mahindi na soya kwa wingi. Sasa theluji inapoyeyuka na mvua za mwanzo wa mwaka zinapoongezeka, maji yanateremka kwenye tifutifu bila shida, yanaikuta tili iliyokaza, yanakwama. Yanatulia juu yake kwa muda, halafu joto likija na mimea ikianza kunywa, yanapungua. Ndiyo maana wakulima wengi wa kule huzika mabomba ya kutolea maji chini ya mashamba yao. Hilo ndilo daraja la tano: udongo unaopitisha maji kwa shida kiasi.

Kwetu kusini udongo haukuletwa na barafu. Ukipanda Newala na Tandahimba utakuta mchanga mwekundu wenye kina kirefu, maji yanazama yakapotea, na historia yote ya uwanda wa Makonde ni ya kina mama walioteremka mabondeni kufuata maji. Mkorosho unaupenda udongo ule. Lakini shuka sasa kuelekea Lukuledi, au kwenye kingo za Ruvuma, uangalie miguu ya vilima. Pale mchanga na tifutifu vilivyoporomoka kutoka juu vimelala juu ya mfinyanzi uliokaza. Mpangilio ni uleule wa Indiana: juu panalegea, chini pamefunga, katikati maji hayana pa kwenda. Kijana anayetafuta mawe ya barafu hataona kitu. Kijana anayetafuta mpangilio ataliona jambo lenyewe.

2. Soma rangi ikiwa mbichi, na ujue inakwambia nini.

Loanisha bonge, vua miwani ya jua, simama juani na Munsell mkononi, kile kitabu cha vipande vya rangi za kulinganishia udongo. Usisome rangi saa kumi na mbili jioni, kila kitu kitakuwa chekundu.

Hili la rangi mnalikariri bila kulielewa, ndiyo maana mnalikosea. Udongo ukijaa maji, hewa inakwisha. Bakteria wanaokula mabaki ya mimea wanakosa oksijeni, wanageukia chuma kilichomo kwenye udongo. Chuma kinayeyuka, kinahama, na kilipotoka panabaki kijivu. Maji yakishuka na hewa ikarudi, hasa kupitia njia za mizizi, chuma kinaganda upya na kuacha baka la rangi ya kutu. Ukuta wenye mabaka ya kijivu na ya kutu kwa pamoja ni ukuta unaojaa na kukauka, kujaa na kukauka. Septemba maji hayapo, ila mabaka yapo. Hicho ndicho mnachopaswa kukitafuta kwenye kiangazi chetu.

Na tunapima kiangazi kila mara, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai, pesa inafika Agosti au Septemba, na masika yakianza Desemba barabara nyingi hazipitiki. Tunaamua habari za maji katika miezi ambayo hakuna maji. Mnaliona tatizo?

3. Shamba la Kidimbwini.

Nilikuwa mwaka wa tatu kazini. Mashimo kumi na moja kwa siku nne, dereva ana haraka, na mimi nilikuwa nataka sana kuonekana mchapakazi. Shamba la saba lilikuwa la mama mmoja wa makamo, ekari tano, mteremko mdogo tu unaoelekea bondeni. Alitupokea kwa mihogo ya kuchemsha na chai. Alitaka kujua kama panafaa mikorosho, kwa kuwa mwaka uliotangulia alikuwa ameuza ufuta vizuri na pesa ya miche alikuwa nayo.

Juu palikuwa na tifutifu ya kichanga, laini, inaporomoka vidoleni. Kwenye sentimita 65 sururu ikadunda. Kijana aliyekuwa akichimba akaniuliza tuendelee? Nikamwambia inatosha, ni ukavu tu. Niliamini hivyo. Nilishuka shimoni, nikaangalia ukuta, na pale chini kabisa niliyaona mabaka ya kutu, ukubwa wa punje ya kunde, na vijiwe vyeusi vidogo kama mtama. Niliviona kwa macho yangu mawili. Nikachukua Munsell, rangi ya msingi ikawa 10YR 5/3. Kroma, yaani ukolezi wa rangi, ni ile namba ya mwisho: 3. Kitabu nilichosomea kilinifundisha kutafuta kroma 2 au chini, yaani ukijivu, kama alama ya maji, nami nikaishikilia ile namba moja kama hirizi. Mabaka nikasema ni rangi ya mwamba mama. Vile vijiwe, ambavyo navyo ni alama ya maji, sikuviandika kabisa.

Kwenye fomu kuna nafasi ya jina la mahali. Nikamuuliza mama, "Hapa panaitwaje?" Akasema, "Kidimbwini." Nikaandika Kidimbwini, kwa herufi nzuri. Mstari uliofuata nikaandika kwamba maji yanapita vizuri. Mistari hiyo miwili ilikaa imegusana kwenye karatasi moja na sikuona kitu. Nimezaliwa na Kiswahili, sikuhitaji mkalimani.

Akapanda. Mita 12 kwa 12 kama tulivyomwelekeza, miche kama mia moja na arobaini, kila shimo na samadi yake. Masika ya kwanza mvua ilikuwa haba na miche ikachangamka. Nilipita pale mwezi wa sita nikapiga picha, nikaiweka kwenye ripoti.

Masika ya pili mvua ilikuja yenyewe. Mwanzoni mwa Machi akanipigia simu, hakulalamika, aliniomba tu nipite nikipata nafasi. Nilifika nikakuta nusu ya chini ya shamba miche imekuwa ya njano, mingine imebaki vijiti. Nikang'oa mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi na inanuka kama maji ya chombo kilichosahauliwa. Niliihesabu iliyokufa mmoja mmoja kwa sababu sikuweza kusimama tu na kumwangalia usoni. Ilikuwa sitini na tatu.

Nikamwambia, "Mama, nimekosea." Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mama yangu alikuwa analima mpunga hapa, mwanangu. Wewe ulipoandika korosho nikajua labda siku hizi imetoka mikorosho inayostahimili maji."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari ya mpunga.

"Hukuniuliza. Na wewe ndiye uliyesoma."

Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii. Yule mama alijua shamba lake kuliko mimi, akaliweka kando analolijua kwa sababu ya heshima, kwa kuwa mtu wa serikali amekuja na gari na kitabu cha rangi. Heshima aliyonipa ndiyo iliyomponza. Miche alikuwa amelipia kwa pesa yake ya ufuta, na misimu miwili hakupanda ufuta pale. Ofisini hapakuwa na fungu la kumlipa. Nilimnunulia miche mingine kwa mshahara wangu, lakini msimu hauuzwi dukani.

Siku ileile tulichimba hatua mbili kutoka shimo la zamani. Kwenye sentimita 30 maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye kuta, yakajaa tukiwa tunatazama. Tukasogea, tukashusha oga, ile kekee ya kutobolea udongo, taratibu mpaka tukautoboa ule mfinyanzi. Chini yake, mita moja na nusu hivi, udongo ulitoka na unyevu mdogo tu, unameguka. Maji yalikuwa yamekalia mfinyanzi kama uji kwenye sahani. Kila kitu nilichosoma kuhusu Crosby kilikuwa pale, bila theluji na bila tili, na mimi nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo.

Leo nusu ya chini ni mpunga. Nusu ya juu ni mikorosho na inazaa. Nikipita namsalimu, shikamoo, na bado ananipa mihogo.

4. Namba ya kitabu haina akili ya kwako.

Kroma 2 ni alama nzuri, lakini udongo wenye wekundu mwingi wa asili unaweza kukaa na maji na bado usiwe kijivu kama unavyotarajia. Kinyume chake, mchanga mweupe wa pwani wenye chuma kidogo ni wa kijivu hata ukiwa mkavu mwaka mzima, hakuna kilichooshwa na maji ya kutuama pale. Mwaka jana kijana mmoja mwenye bidii sana alipaita panapotuama maji mahali ambapo hata ndoo ya maji ungemwaga ingepotea kabla hujageuka. Nilimpenda kwa bidii yake na nikamrudisha akapime upya.

Tena kuna mabaka ya zamani. Mto ukichimba bonde likawa na kina zaidi, maji ya ardhini yanashuka, mabaka yanabaki ukutani kama picha ya marehemu. Angalia kingo zake: baka au kijiwe chenye kingo kali kama kimekatwa kwa wembe mara nyingi ni la kale, lenye kingo zinazofifia polepole kuingia kwenye udongo mara nyingi bado liko kazini. Ukiweza kurudi masika, dondosha daipiridili, ile dawa ya kutambua chuma kilichoyeyuka, kwenye bonge bichi lililovunjwa sasa hivi, na likigeuka rangi ya waridi, chuma kilichoyeyuka kipo pale muda huohuo.

5. Mengine kwa kifupi.

Andika lebo mbili kwa penseli, moja ndani ya mfuko wa sampuli na moja nje. Pitia kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuchimba. Utepe wa udongo kati ya kidole gumba na cha shahada ukikatika kabla ya sentimita 2.5 uko kwenye tifutifu, ukipita 5 uko kwenye mfinyanzi. Fukia shimo ukimaliza, kuna watoto na mifugo. Kwa mkorosho shusha oga mita mbili hata kama mgongo unauma. Acha bomba la PVC lenye matundu ardhini na umwombe mwenye shamba ashushe kijiti kila Ijumaa wakati wa masika akuandikie maji yalipofika, ni rahisi kuliko safari moja ya gari.

Na uliza. Uliza mahali panaitwaje, na jina lisikilize kabla hujaliandika. Uliza bibi alilima nini. Uliza Februari kunaota majani gani. Usimuulize mkulima kama maji yanatuama, atakujibu anachodhani unataka kusikia. Muulize viatu anavivua wapi akienda shambani wakati wa mvua.

Basi, juzi pale Lukuledi, baada ya kelele zangu, vijana walirudi shimoni. Ikawachukua saa nzima na malengelenge kutoka sentimita 70 hadi 120. Kwenye 80 mfinyanzi ulianza. Kwenye 90 yakaja mabaka, ya kutu na ya kijivu, kingo zimefifia. Binti aliyeandika ile sentensi alikaa akiyatazama kwa muda, kisha akapanda juu bila kuambiwa na mtu, akamfuata mzee mwenye wale mbuzi, akamwamkia na kuchuchumaa kando yake. Sikusikia walichozungumza. Nilimwona mzee akiinama na kuweka kiganja chake katikati ya muundi wa mguu.

Binti akarudi, akaomba kifutio.