Rambo ya pili ilipondwa na wahakiki, ikajaza kumbi: nilichokiona Nachingwea

Mkuu mleta mada, umesema umefungua ukumbi mdogo wa video hapo Masasi, vijana wanakudai picha za zamani za Stallone, ukaingia mtandaoni ukakuta Rambo ya pili ilipewa tuzo ya filamu mbovu kuliko zote za 1985. Ukauliza: waliolipa kiingilio walikuwa wajinga, au wahakiki ndio waongo? Na je, uionyeshe au uiache? Mimi nimeendesha kibanda umiza Nachingwea tangu enzi za mkanda na deki mpaka DVD zilipokuja, na picha hiyo nimeiona ikipokelewa na watu wa kila aina. Naomba nikujibu kwa kirefu.

Tuanze na fedha. Rambo ya kwanza, First Blood, ilitoka 1982 na Marekani ikaingiza kama dola milioni 47. Ya pili ilitoka Mei 1985, ikafunguliwa kwa mpigo katika kumbi zaidi ya 2,000, jambo kubwa sana kwa wakati ule. Ikaingiza takriban dola milioni 150 Marekani peke yake, na ukijumlisha dunia nzima inafika kama milioni 300. Mwaka ule, kwa mapato ya Marekani, iliyoipita ni Back to the Future tu. Ila kumbuka hizo ni fedha za mlangoni. Wenye kumbi wanachukua chao kwanza, na kinachomfikia mwenye filamu mara nyingi ni kama nusu. Na vibanda vyetu havimo kabisa katika hesabu hiyo. Mikanda iliyotufikia huku ilikuwa nakala ya nakala, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika yakikolea barabara ya kusini inajifunga na mkanda unakaa Dar mpaka mvua ziishe. Kwa hiyo anayekuletea takwimu za mauzo kueleza jinsi Rambo alivyopendwa Lindi na Mtwara hana alichopima.

Haya, wahakiki. Golden Raspberry, zile tuzo za kejeli za Marekani, waliipa filamu mbovu, wakampa Stallone mwigizaji mbovu, wakaongeza skripti na wimbo. Wakati huohuo watu wa Oscar waliiteua kwa uhariri wa milio na vishindo. Ukiziweka tuzo hizo pamoja utaona hazipingani: mafundi wa sauti walifanya kazi yao vizuri, kilichoshambuliwa ni hadithi.

Na kwa hadithi, wahakiki walikuwa na hoja, mimi siwapingi. Picha ya kwanza ni ya askari aliyerudi nyumbani akakuta hatakiwi, anasumbuliwa na polisi wa mji mdogo, na humo anakufa mtu mmoja tu, tena kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta. Ya pili inamrudisha mtu huyohuyo Vietnam kutafuta mateka, na safari hii anaua watu kwa makumi. Wavietnam wengi mle ndani hawana jina wala maneno ya maana, kazi yao ni kuanguka. Vita ambayo Marekani ilishindwa, filamu inataka kuishinda kwa mtu mmoja mwenye upinde. Juu ya hapo siasa zikaingia: mwezi Juni mwaka huohuo, mateka wa ndege ya Kimarekani ya TWA iliyotekwa walipoachiwa Beirut, Rais Reagan alisema alikuwa ameitazama Rambo usiku uliopita na sasa anajua afanye nini likitokea tena. Mhakiki wa New York mwaka ule asingeweza kuitazama kama picha la mapigano tu. Alikuwa anaona nchi yake inajidanganya kuhusu vita iliyoua vijana wake.

Sasa njoo Nachingwea. Hapa palikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, hapa Samora Machel aliwafundisha wapiganaji waliovuka Ruvuma kwenda kupambana na Mreno. Kwa hiyo katika mabenchi yangu walikaa wazee ambao vita vya msituni walivijua kwa miguu yao. Mmoja alikuwa akija mapema na kukaa karibu na mlango. Vijana wanapiga kelele "steringi hafi!", yeye anatikisa kichwa. Rambo alipofyatua bunduki kubwa ya mkanda kwa mkono mmoja, akaniuliza kwa sauti, "Kijana, risasi zote hizo amezibeba wapi?" Nikamjibu, "Babu, hiyo ni picha tu." Akasema, "Najua ni picha. Nauliza risasi."

Lakini ilipofika sehemu ya matope, mzee yuleyule aliinuka. Wengi mnaikumbuka: Rambo amejipaka tope mwili mzima, amejibana kwenye ukuta wa udongo, huwezi kumtofautisha na mizizi. Askari wa Kirusi anapita karibu yake, kisha lile tope linafumbua jicho. Mzee akaonyesha kwa fimbo mpaka karibu aguse kioo cha televisheni. "Hapo sawa! Hapo huyu anajua. Ukitulia hivyo adui anakukanyaga." Baada ya pale akarudi kutikisa kichwa. Kwangu mimi ule ndio uhakiki bora wa Rambo ya pili niliowahi kuusikia: sehemu kwa sehemu, kipi kweli na kipi si kweli, kutoka kwa mtu anayejua. Hao ndio watazamaji wanaoitwa wajinga wasiochagua.

Tena hapa hakuna aliyeichukulia kama ushindi wa Marekani. Watu walimshangilia Rambo kwa sababu wakubwa wake walimtuma kisha wakamtelekeza kule porini, na mwisho anarudi kambini kuwavunjia mitambo yao kwa risasi. Pale ndipo ukumbi ulipolipuka kila nilipoionyesha. Mtu wa chini kutumwa na kutelekezwa na bosi ni jambo linaloeleweka bila mkalimani. Siku hizi vijana wa huku wanawafahamu Wavietnam kama wanunuzi wa korosho zetu ghafi, na nadhani ukiionyesha leo utasikia maswali mapya kuhusu wale askari wanaoanguka.

Ninachotaka hasa ukichukue ni suala la lugha. Miaka ya mikanda, picha zote zilikuwa za Kiingereza kitupu. Rambo ya pili ilijaza kibanda, hasa Oktoba na Novemba wakulima wakishalipwa za korosho, na ya kwanza ilinitia hasara. Sababu niliiona kwa macho. Ya pili unaielewa kwa kutazama: mto, boti, mshale unaolipuka, helikopta. Ya kwanza inafika mwisho, Rambo yuko kituo cha polisi na kanali wake, na badala ya kupigana anakaa chini analia na kuongea muda mrefu. Watazamaji wangu hawakushika neno. Wakaanza kutoka, wengine wakadai steringi ameishiwa nguvu.

Halafu zikaja picha zilizotafsiriwa, enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, na wenzake, sauti ya Kiswahili ikitembea juu ya filamu. Nikapata First Blood yenye sauti hiyo. Watu wakasikia kumbe anachosema ni kwamba vitani aliaminiwa vifaa vya mamilioni ya dola, nyumbani hapewi hata kazi ya kuegesha magari. Wakasikia habari ya rafiki yake aliyelipuliwa Saigon kwa bomu lililofichwa kwenye sanduku la mtoto mng'arisha viatu. Mbele yangu walikaa vijana waliomaliza JKT wakarudi mtaani bila ajira. Wakaniomba nirudishe nyuma, nikarudisha, wakaomba tena. Tangu hapo ya kwanza ikaanza kuitishwa, na wengi wakawa wanasema waziwazi kwamba ndiyo bora, jambo ambalo wahakiki wa Marekani walishalisema. Ladha ya watu wangu haikuwa mbaya, walikuwa wamenyimwa nusu ya filamu.

Na usikubali ile dhana kwamba fedha na sifa haviwezi kukaa pamoja katika picha ya mwendelezo. James Cameron, ambaye jina lake lipo kwenye skripti ya Rambo ya pili pamoja na Stallone, mwaka 1991 alitoa Terminator 2. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 100, ikaingiza takriban milioni 520 duniani na kupata Oscar nne. Kibandani kwangu ilijaza ikiwa na tafsiri na ikiwa haina. Aliyekuwa adui katika ya kwanza amekuwa mlinzi wa mtoto, mtu analiona hilo hata kama Kiingereza hajui, na maneno yakieleweka anapata zaidi.

Kwa hiyo mkuu, zionyeshe zote mbili, ila usianze na ya pili. Weka First Blood Ijumaa, hakikisha ni yenye tafsiri ya Kiswahili inayosikika, na zile dakika za mwisho usizikate hata kama kuna watu nje wanasubiri mpira. Rambo ya pili iweke Jumamosi usiku, watoto wakishaondoka, kwa sababu ile sehemu anayoteswa kwa umeme kwenye chaga ya kitanda si ya kutazamwa na mtoto. Kibali cha ukumbi ulizia Bodi ya Filamu kabla hujabandika tangazo. Na ukiwa na mzee yeyote hapo mtaani aliyewahi kushika silaha, muingize bure umkalishe mbele.