Barabara na mafuta vinahusiana sana
Ndugu unayeuliza barabara inahusikaje na kuokoa mafuta, inahusika sana tu. Marekani mwaka 1974, mafuta yalivyoadimika, walipitisha sheria spidi isizidi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 hivi, maana gari likikimbia sana linapambana na upepo na injini inakunywa zaidi. Huku kwetu Tanga mi naililia lami ya Pangani mpaka Bagamoyo, ikikamilika mtu wa Pangani anayekwenda Dar hana haja ya kuzungukia Segera na Chalinze, na lori halitambai tena na gia ya pili kwenye mashimo, kanyaga breki, kanyaga mafuta. Matuta nayo wayapange vizuri jamani, penye shule sawa, ila yakizidi dizeli inateketea bure.